Mdhamini wa Pili

Nyamizi Shigela alianza kutafuta nafasi ya PhD Ulaya mwaka aliotimiza miaka thelathini na minne, na hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa afisa ugani wa pamba hapa Bariadi. Asubuhi alipanda pikipiki ya idara kwenda vijijini kuwaonyesha wakulima namna ya kukagua funza wa vitumba, wale wanaotoboa matunda ya pamba, mchana akarudi ofisini kuandika ripoti, na jioni akaenda kwenye vyumba viwili alivyopanga Somanda. Aliwahi kuolewa. Mumewe, Elia, alipata kazi mgodini Geita, akawa anarudi kila mwezi, kisha kila Krismasi, kisha akaacha kurudi.

Miaka saba nyuma Nyamizi alikuwa amesoma shahada ya uzamili Morogoro. Kwa ajili ya utafiti wake alipanda mistari ya alizeti katikati ya pamba kwenye shamba la baba yake, Lalago, akagundua kwamba sisimizi wanaovutwa na alizeti hushuka kwenye pamba na kula mayai ya funza. Alifaulu vizuri. Tasnifu ikawekwa maktaba, yeye akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza habari za wale sisimizi. Alipolitaja jambo hilo kwenye kikao cha idara, mkuu wake, Marcelo, alitazama saa, akasema wapite kwenye ajenda inayofuata.

Mwanzoni alidhani PhD inaombwa kama kidato cha tano: unajaza fomu, unasubiri majina yabandikwe. Alijifunza taratibu kwamba kule kwa wenzetu, katika vyuo vingi, mtu wa uzamivu huajiriwa. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, na pale isipotangazwa unatakiwa umtafute profesa ambaye kazi yake inafanana na yako, umwandikie, na umfanye atake kufanya kazi nawe. Kwa hiyo jioni alikaa na simu akifungua kurasa za maprofesa, mmoja baada ya mwingine. Alizisoma makala zao. Alijua huyu amehamia chuo kingine, yule yuko likizo ya uzazi, yule wa tatu amestaafu ila jina lake halijaondolewa. Aliwafahamu watu wengi sana ambao hawakujua kama yeye yupo duniani.

Wengi hawakujibu. Wachache walijibu kwa mstari mmoja wa kumtakia heri. Halafu mwezi Mei, profesa mmoja wa Sweden, mama aliyeitwa Hallberg, akaandika aya nzima. Alisema habari ya sisimizi imemvutia, na kwamba kikundi chake kitatangaza nafasi moja mwezi Juni. Aombe kama wengine wote, kupitia mfumo wa chuo. Atahitaji cheti, tasnifu, barua ya kueleza anachotaka kufanya, na wadhamini wawili, mmoja wao awe msimamizi wake wa shahada ya uzamili.

Mdhamini wa kwanza alikuwa rahisi.

"Wewe andika, mimi nitasaini," Marcelo alimwambia.

Akaandika. Marcelo akasaini huku simu ikiwa sikioni, akagonga mhuri, akamrudishia karatasi. Hakuuliza anakwenda wapi.

Wa pili alikuwa Dakta Kasmiri Mayige, aliyemsimamia Morogoro. Namba yake haikupatikana. Barua pepe ya chuoni ilirudi. Nyamizi alipiga idarani, akaambiwa Dakta alistaafu miaka minne iliyopita, amerudi kwao Nassa. Nassa si mbali. Miaka minne yote hiyo mwalimu wake alikuwa anaishi mkoa huu huu, wala hakujua.

Jumamosi alichukua gari la Lamadi, akabadilisha pale, akateremka Nassa kabla ya saa sita. Alikuwa amebeba tasnifu yake, nakala yenye jalada gumu, na rasimu ya zamani yenye wino mwekundu wa Dakta pembeni mwa kila ukurasa.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye uwanja uliofagiliwa vizuri. Aliyempokea alikuwa Apolonia, binti mkubwa wa Dakta, mwanamke wa miaka hamsini hivi. Alimsikiliza Nyamizi wakiwa bado wamesimama getini.

"Mdogo wangu, umetoka mbali, kwa hiyo nikuambie kabla hujaingia," alisema. "Baba hana kumbukumbu. Mimi mwenyewe kuna siku ananiita kwa jina la shangazi. Usishtuke akikuuliza mara mbili tatu wewe ni nani."

Dakta Kasmiri alikuwa amekaa barazani, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, amekonda kuliko Nyamizi alivyomkumbuka.

"Mwangaluka, baba," alimsalimu, akipiga goti kidogo.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umeleta dawa?"

"Hapana, mwalimu. Mimi ni Nyamizi. Nyamizi Shigela wa Lalago. Ulinisimamia Morogoro."

Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa jirani. "Karibu," akasema. "Watu wa Lalago ni wakulima wazuri."

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi njiani. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa kwa kutomtafuta siku zote hizo, hata kukataliwa. Hili hakulitarajia. Huyu mzee ndiye aliyekaa naye miezi kumi na minane, aliyemfokea kwa ajili ya jedwali, aliyemwambia siku ya mwisho kwamba asiache utafiti. Nyamizi alimtazama na kuona kwamba siku zile zote sasa zimebaki kwake peke yake.

Akampa tasnifu.

Dakta aliipokea kwa mikono miwili. Alisoma kichwa cha habari kwa sauti, taratibu. Akafungua sura ya kwanza, akairuka. Akaenda moja kwa moja kwenye sura ya mbinu, kama alivyokuwa akifanya zamani kwa kazi ya kila mwanafunzi, na hapo mgongo wake ukanyooka. Apolonia alileta chai, akaiweka, hakuna aliyeigusa.

"Hii nani kaandika?" Dakta aliuliza baada ya muda.

"Mimi, mwalimu."

"Ni kazi nzuri. Umehesabu mayai kila wiki?"

"Kila wiki. Majira mawili."

"Ila hapa." Aliweka kidole kwenye mchoro wa shamba. "Hivi viwanja vya pamba tupu, ambavyo havina alizeti. Kutoka kwenye alizeti ni mita ngapi?"

"Nane."

"Nane." Alitikisa kichwa. "Sisimizi anatembea mita nane kabla hujamaliza kikombe hiki. Wale wako walikuwa wanakwenda mpaka kwenye pamba tupu, wanakula mayai na huko. Umelinganisha shamba lenye sisimizi na shamba lenye sisimizi. Sisimizi hawajui ramani yako, mayu."

Nyamizi aliinama kuutazama mchoro. Watahini wawili walikuwa wameupitisha mchoro ule. Yeye mwenyewe alikuwa ameutazama mara nyingi mno kuweza kuhesabu. Na mzee alikuwa sahihi.

"Kwa hiyo matokeo yangu ni ya uongo?"

"Nani kasema uongo? Ni madogo. Tofauti halisi ni kubwa kuliko uliyoandika. Weka mita hamsini uone." Alifunua kurasa mbili mbele, akarudi. "Aliyekusimamia ni nani? Alitakiwa aone hili."

"Ni wewe, mwalimu."

Dakta Kasmiri alifikiri kidogo, kisha akacheka, kicheko kile kile cha Morogoro cha puani. "Basi nilikuwa na haraka," akasema.

Walizungumza karibu saa nzima. Waliongea habari za sisimizi weusi na wekundu, mvua za Januari, na kwa nini vidukari huja kwanza upande wa kusini wa shamba. Nyamizi alijisikia anaongea haraka, anaingilia, anabisha. Alikuwa amesahau kwamba ana sauti ile. Miaka saba alikuwa akifikiria mambo haya akiwa juu ya pikipiki, akipika, akiwa amekaa benchi la nyuma kanisani, na hakuwahi kufikiri kwamba alichokuwa akikosa ni mtu wa kubishana naye tu.

Halafu Dakta alifunga kitabu, akakiweka mezani, akanywa chai iliyokwisha poa. Akamgeukia.

"Samahani, mama. Wewe ni nani vile?"

Apolonia alimwita ndani. Sebuleni, alitoa simu ya baba yake kwenye kabati.

"Barua pepe yake mpya iko humu, mimi ndiye mwenye neno la siri," alisema. "Andika unachotaka, nitatuma kwa jina lake. Usijisikie vibaya. Wenzako wawili walishakuja, mmoja sasa yuko Japani."

"Walimweleza?"

"Hawakukaa naye. Walimsalimu, wakakaa hapa wakaandika, wakaondoka."

Nyamizi aliishika simu. Aliandika kwa Kiingereza kwamba amemfahamu Nyamizi Shigela kwa miaka mingi na anamkumbuka kama mwanafunzi mwenye bidii kubwa. Kila neno lilikuwa la kawaida, la kwenye barua yoyote ya namna hiyo. Kutoka barazani alimsikia Dakta akiuliza kama mgeni amekwisha kula, na mgeni huyo ni wa nani. Nyamizi aliyafuta maneno yote, akairudisha simu.

"Siwezi, dada."

"Kwa nini? Si kweli alikufundisha?"

"Ni kweli. Lakini nilikuwa nimeandika kwamba ananikumbuka."

Apolonia aliirudisha simu kabatini. "Basi ule kwanza," akasema. "Huwezi kuja Nassa usile samaki."

Kesho yake, baada ya misa, Nyamizi alimwandikia Profesa Hallberg. Hakupamba. Alisema msimamizi wake ni mgonjwa wa kusahau na hawezi kumdhamini. Alisema mzee huyo amesoma tasnifu upya kama kazi ya mtu asiyemjua na amekuta kosa la umbali, akaeleza kosa lilivyo, na namna angelirekebisha. Alipobonyeza kutuma, alijua amepeleka mwenyewe kasoro ya kazi yake kwa watu wanaotafuta sababu ya kupunguza majina.

Profesa alijibu baada ya siku mbili. Alimshukuru kwa kusema ukweli, akamwelekeza aweke jina la mkuu wa idara wa sasa, Morogoro. Mkuu huyo, ambaye hakuwahi kumwona Nyamizi, aliandika sentensi mbili: kwamba kumbukumbu za chuo zinaonyesha alihitimu, na kwamba hakuna jambo baya lililoandikwa juu yake.

Usaili ulikuwa Alhamisi moja ya Julai, saa tano kwa saa za hapa. Nyamizi aliomba ruhusa ya siku moja, akavaa blauzi ya kanisani, akaegemeza simu kwenye mkebe wa majani ya chai. Nyuso nne zikatokea. Walimuuliza sana kuhusu umbali wa viwanja, akawajibu. Walimuuliza angepima nini kingine, akawajibu hilo pia, na aliona mmoja wao akiandika. Mwishoni kijana mwenye miwani akauliza huko alipo anafanya utafiti na nani.

"Peke yangu," akasema.

"Namaanisha kikundi chako. Wenzako."

"Nimekuelewa. Peke yangu."

Walimshukuru, wakaondoka. Kioo kikabaki kinaonyesha sura yake. Nje mke wa jirani alikuwa anaanika mpunga huku anaimba. Nyamizi alikaa na ile blauzi yake, akitamani kumweleza mtu jinsi alivyojibu lile swali la pili. Alipitia majina kwenye simu kuanzia juu hadi chini. Hatimaye akampigia Apolonia.

"Naomba umwambie Dakta wamenibana sana kwenye ule umbali."

Alimsikia Apolonia akimwambia baba yake, na sauti ya mzee kwa mbali: "Umbali gani?"

Majibu yalimkuta Agosti akiwa Dutwa, amesimama kando ya pikipiki, wakulima wanamsubiri chini ya paa la ofisi ya kijiji. Alikuwa amekuwa wa pili. Aliyechukuliwa alikuwa na makala mbili zilizochapishwa. Yeye hakuwa na hata moja. Profesa Hallberg aliongeza mwenyewe kwamba kama atarudia jaribio kwa umbali sahihi, amtumie takwimu. Nyamizi alisoma mara mbili, akaweka simu mfukoni, akaingia kufundisha. Alifundisha saa nzima namna ya kung'oa masalia ya pamba. Hakuna aliyemuuliza kama ana tatizo.

Novemba alikwenda Lalago kwa baba yake kumwomba tena shamba.

Mzee Shigela alikuwa na miaka sabini na mbili, anaishi na ng'ombe wake na dada yake Milembe tangu mkewe afariki. Alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye na Nyamizi walikuwa wakipigiana simu kama kuna msiba au kama ng'ombe amezaa.

"Mara ya kwanza ulichukua shamba langu ukapata cheti," alimwambia kwa Kisukuma. "Safari hii unataka kupata nini?"

"Nilikosea, baba. Nataka kurekebisha."

Akamweleza habari ya mita hamsini. "Utalima upande wa bondeni na upande wa barabara," mzee akasema. "Katikati kuna mtama wa shangazi yako. Zaidi ya mita hamsini. Inatosha?"

Ilitosha. Lakini Nyamizi alikuwa na kazi Bariadi, na mayai yanahesabiwa kila wiki, siku ile ile. Aliuliza kijijini nani angeweza, baba yake akasema atahesabu mwenyewe. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne. Nyamizi alimfundisha kutofautisha yai la funza na tone la utomvu: jeupe, dogo kuliko chembe ya chumvi, lina mistari. Alimnunulia kioo cha kukuzia. Siku ya kwanza mzee alisema ni upuuzi. Wiki ya tatu alipiga simu akiwa amekasirika, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wamekula mimea miwili ya mstari wa sita, na alitaka kujua aandike nini.

Kila Jumatano jioni alimsomea takwimu. "Bondeni, mstari wa kwanza, mayai manne. Mstari wa pili, hakuna." Akimaliza alikuwa haweki simu chini mara moja. Alianza kuongeza mambo mengine. Mvua imenyesha upande wa Maswa tu. Milembe anaumwa goti. Ameota mama yake Nyamizi anachambua pamba. Nyamizi alikaa kitandani kule Somanda akiandika namba upande mmoja wa daftari, na alipokwisha kuziandika aliendelea kushika kalamu akisikiliza.

Februari alituma takwimu za mwanzo Sweden. Profesa Hallberg hakuwa na nafasi, ila mwenzake wa Denmark alikuwa nayo, na safari hii ni yeye mwenyewe Hallberg aliyemwandikia Nyamizi barua ya udhamini. Aliandika kuhusu sisimizi, na kuhusu ile barua ya Nyamizi ya mwaka uliopita.

Jibu la Denmark lilikuja Jumatano moja ya Aprili. Nyamizi alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja, yuko Lalago, katikati ya shamba la bondeni, anahesabu na baba yake, yeye mstari huu na mzee mstari wa pili. Simu ililia mfukoni. Alisoma kwamba amechaguliwa, kwamba ni miaka mitatu, na kwamba anatarajiwa Septemba.

"Ni nani?" baba yake aliuliza bila kuinua kichwa.

"Watu wa kazini."

Aliirudisha simu mfukoni, akaendelea kuhesabu. Hakujua kwa nini hakusema. Alikuwa amengoja habari hii muda wote huo akiwa hana mtu wa kumpa, na sasa mtu huyo alikuwa hatua mbili kutoka kwake, ameinama na kioo chake, anasema namba kwa sauti ya chini.

Alimwambia mwezi Juni, wakati wa kuvuna, wakiwa wamekaa juu ya marundo ya pamba. Alimweleza nchi, miaka, na baridi. Alimweleza kwamba atalipwa kama mfanyakazi.

"Nilijua tangu siku ile ya simu," mzee akasema.

"Ulijuaje?"

"Ulihesabu vibaya mistari miwili. Nilirudia baada ya wewe kuondoka. Nikasema, huyu amepata jambo."

Nyamizi aliokota pamba iliyodondoka, akairudisha kwenye rundo.

"Huko utaongea na nani, ng'wanone?" mzee akauliza, akimwita mwanawe kwa Kisukuma.

"Kuna kikundi. Watu sita."

"Kisukuma, namaanisha."

"Hakuna mtu, baba."

Mzee Shigela alitoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa, akatoa jingine. Upepo ulipeperusha nyuzi nyeupe hadi kwenye mtama wa Milembe.

"Msimu ujao nitapanda tena ile mistari," akasema. "Kwa ajili yangu tu. Jumatano utakuwa na nafasi?"

"Nitakuwa nayo."

"Haya. Shika huku tufunge gunia hili, jua linazama."